Mjumbe Ndani ya Tenga la Kuku

Hebu mwone Mama Odeta anavyokuja. Ni kijijini Kasulo, mvua imekatika sasa hivi na njia nyekundu inateleza kama imepakwa sabuni. Mwanamke wa miaka sitini na minane, ndala kazishika mkononi zisije zikabaki kwenye matope, kitenge kakikaza kiunoni, kichwani amebeba tenga la kuku. Ukimwamkia akapita kama hakukuona, usikasirike. Hajasikia. Sikio la kushoto lilishakufa zamani, la kulia linabahatisha tu, nalo ni mpaka ulipigie kelele kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde.

Leo ndani ya tenga hamna kuku. Kuna mtoto wa mbwa, wa kahawia, miguu ya mbele myeupe, kang'ang'ania fito kwa kucha zake ndogo.

"Mama Kwizera!" jirani yake Consolatha alipaza sauti kutoka kwenye migomba, akimwita kwa jina la mwanawe. "Siku hizi unauza mpaka mbwa?"

"Hauzwi huyu! Hayo ndiyo masikio yangu mapya!"

Wala hakuwa anatania.

Mwezi uliotangulia, saa kumi jioni, mvua inanyesha, Odeta alikuwa ndani anachambua maharage. Watu wakaja, wakafungua banda lake, wakatoka na mbuzi watatu wakilia njia nzima. Kijiji kizima kilisikia. Consolatha mwenyewe alisikia, akasema moyoni, leo mwenzangu kauza mbuzi. Aliyekuwa hajui ni mwenye mbuzi, mpaka alipotoka na maganda ya ndizi akakuta banda liko wazi.

Mwanawe wa pekee, Kwizera, fundi wa kupaua nyumba huko Biharamulo mjini, alikuja siku iliyofuata. Akainama kwenye sikio la kulia.

"Mama, wangeweza kuingia mpaka ndani! Unahama! Unakuja kukaa kwangu!"

"Kwako vyumba viwili, nitalala wapi, juu ya kabati?"

"Tutajibana!"

"Mwanangu, hapa kila mtu anajua sikio la kunipigia kelele. Kule nianze kumfundisha nani?"

Aliyeokoa jahazi siku hiyo ni Mzee Matiasi wa nyumba ya tatu, aliyewahi kuwa mlinzi wa mgodi na kufanya kazi na mbwa kwa miaka kumi na moja. Alisema mbwa wa nje hamfai Mama Odeta, maana atabweka mpaka koo likauke na mwenyewe asijue. Anahitaji mbwa wa kukaa ndani, akisikia mtu anakuja, aende amguse. Kwizera alifikiri, akakubali. Ila mwaka mpya ukifika na mbwa hajawa wa kukaa ndani, mama anapanda gari. Wakapeana mikono.

Sasa, mbwa wa ndani ni kitu kigeni kwetu. Mbwa wetu analala nje, anajisaidia anakotaka, nani amuulize? Huyu ilibidi afundishwe. Na mafunzo yalifanyika uwanjani, kwa makelele, mwalimu akiwa amesimama nje ya kizingiti. Matiasi ni mtu wa heshima, hawezi kuingia chumba cha kulala cha mjane, hata kama kilichomo ni mbwa.

"Mfungie mahali padogo!" alipiga kelele. "Mbwa hapendi kuchafua anapolala! Atajizuia mpaka umtoe! Ukimtoa, mpeleke sehemu moja tu, akimaliza msifu!"

"Padogo ninapo!" Odeta akajibu.

Alikuwa na tenga. Ameuza kuku miaka thelathini, kawanunua mpaka Nyamigogo na Bisibo, na kama kuna kitu anakijua ni kumtunza kiumbe ndani ya tenga asifie njiani. Tenga zuri lina sakafu ya fito zilizoachana kidogo, nalo huliweki chini hivi hivi. Unaliinua juu ya matofali mawili, uchafu unadondoka, wewe unamwaga majivu, unafagia asubuhi, kuku anabaki mkavu. Ndivyo alivyofanya, chumbani mwake. Akaongeza gunia kuukuu kwenye kona moja ili mtoto asipate baridi, akamwita Mjumbe, kwa kuwa kazi yake ni kuleta habari. Mjumbe wa serikali ya kijiji alinuna siku mbili.

Kila siku Matiasi akipita aliuliza kutoka uwanjani.

"Uko naye padogo?"

"Padogo!"

"Analala pakavu?"

"Pakavu kabisa, jirani! Hata tone!"

"Basi unaweza kazi! Endelea hivyo hivyo!"

Na watu waliokuwa wanapalilia walicheka, maana habari za haja za yule mbwa zilikuwa zinatangazwa kama matangazo ya kanisani.

Kazi yenyewe Mjumbe aliishika upesi. Wiki ya tano, mchana akiwa nje ya tenga, mtu akikanyaga uwanjani, anakimbia, anaweka miguu yake myeupe juu ya goti la Odeta. Siku ya kwanza alipofanya hivyo, Odeta alitoka akamkuta Consolatha mlangoni kabla hajagonga. "Karibu," akamwambia, kwa madaha, kama mtu mwenye masikio. Consolatha aliporudi kwake alikuwa anafuta machozi.

Lakini mbwa wa kukugusa hawezi kulala kwenye tenga. Wiki ya nane, Matiasi akasema sasa mwachie, alale karibu nawe. Odeta akamtoa. Mjumbe akajikunja miguuni pake kitandani, na asubuhi blanketi lilikuwa limelowa.

Akalifua. Siku ya pili likalowa tena, na godoro nalo. Akamchapa kidogo kwa ufagio, akajuta, akamwomba msamaha. Alimtoa nje kila mara, akasimama naye pembeni ya mgomba mvua ikiwapiga wote wawili, akimbembeleza kwa Kirundi, lugha aliyolelewa nayo. Mbwa alimtazama tu, akitikisa mkia. Wakirudi ndani, anatafuta mahali laini pa kulala, anakojoa hapo, anasogea kidogo, analala. Alikuwa anafanya alivyozoeshwa. Mahali pa kulala ndipo pa kujisaidia, na mwenye nyumba hufurahi, hufagia, humwambia mtoto mzuri.

Odeta hakuliona hilo. Aliona tu kwamba kadiri alivyofanya bidii ndivyo mambo yalivyoharibika. Desemba ile jua lilitoka mara moja moja. Godoro lilianikwa uani leo, kesho, keshokutwa, na duara lake la njano linaonekana mpaka njiani. Kifua kikaanza kumbana. Wanawake wa jumuiya, waliokuwa wakisali kwake kila Jumatano, wakahamishia sala kwa Consolatha, kwa upole, wakisema kwake kuna nafasi.

Na maneno yakaanza. Haya hayakupigiwa kelele. Yalisemwa kwa sauti ya kawaida, hata mbele yake. "Mama wa watu kazeeka, hawezi tena kujizuia. Anamsingizia mbwa." Odeta alisimama katikati yao akitabasamu, akidhani wanazungumzia mvua.

Kwizera alikuja tarehe mbili Januari na kirikuu, gari dogo la mizigo, la kuazima. Alikuwa ameshayasikia mambo huko huko mjini. Alipoliona godoro uani, uso ulimshuka.

"Mama," akainama, na kwa mara ya kwanza akashindwa kupaza sauti. Ilibidi arudie. "Mama! Ni wewe?"

"Ni mimi nini?"

Akamwonyesha godoro. Odeta alilitazama, akamtazama mwanawe, akamtazama Consolatha aliyekuwa ameinamisha kichwa, na hapo akaelewa walichokuwa wakisema mbele yake mwezi mzima.

"Ni mbwa," alisema. "Kwizera, nakuapia, ni mbwa."

"Sawa, mama."

"Usiniambie sawa! Mwite Matiasi!"

Matiasi aliitwa. Safari hii Kwizera mwenyewe alimwingiza chumbani. Waliingia na kumkuta Mjumbe anapanda kwenye tenga lake la zamani. Alichuchumaa pembeni ya gunia mbele yao, mkojo ukapita katikati ya fito, ukadondoka kwenye majivu. Akatoka, akaenda kumgusa Odeta goti, kumwarifu kuwa kuna wageni.

Matiasi alipiga magoti, akapitisha vidole kwenye nafasi za fito.

"Sakafu ina matundu," alisema. "Miezi miwili nauliza kama ni pakavu. Lo! Pasingekuwaje pakavu?" Kisha akapaza sauti, akamweleza Odeta yote, taratibu, neno kwa neno, kwamba kama padogo pangekuwa na sakafu iliyozibwa, mtoto angelowa mara moja akachukia, akajifunza kujizuia. Odeta alisikiliza akiwa ameshika fundo la kitenge.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfundisha."

"Tulimfundisha wote, Mama Kwizera."

"Anaweza kusahau?"

Matiasi alikuwa mtu wa kweli. "Akishazoea hivi, ni miezi mingi. Wengine hawaachi."

"Nipe miezi hiyo," Odeta alimgeukia mwanawe. "Umeona si mimi. Umeona kwa macho yako."

"Nimeona, mama!" Kwizera alipiga kelele. "Lakini wewe unakohoa mwezi wa pili! Akilala ndani unalala kwenye maji! Akilala nje, humsikii! Sasa niambie nikuache na nani!"

Odeta alikwenda mwenyewe kutoa nguo zake kwenye kamba.

Mwenye nyumba ya kupanga kule mjini hataki mbwa, kwa hiyo Mjumbe alifungwa kwa Matiasi, kwenye mti wa parachichi. Waliagana na Consolatha, aliyetaka kuomba msamaha akakuta haiwezekani kuomba msamaha wa aina ile kwa makelele. Kirikuu ikaondoka. Mbwa alikimbia mpaka kamba ikamrudisha, akasimama kwa miguu ya nyuma, akalia. Alilia kiasi kwamba watu walitoka mashambani.

Odeta alikaa mbele, mkoba mapajani, macho barabarani. Hakugeuka. Walipofika kwenye kona ya shule, sauti ile bado inawafuata, alimgusa Kwizera begani.

"Mjumbe alilia?" aliuliza. "Au alinyamaza tu?"

Kwizera alikuwa bado anamsikia. Wewe ungekuwa kwenye kiti chake, mdomo wako karibu na lile sikio la kulia, ungempigia kelele ukisema nini?