Tunda Walilolizika Badala ya Okelo

Sikuota, sikuwa na homa, na pombe sijawahi kuonja. Niliyaona mchana kweupe, saa nane, siku ya Jumapili, na asiyetaka kuamini basi akae na ujuaji wake. Wakwe zangu pia walijifanya hawaamini, na hao ukweli walikuwa wanaujua kunishinda.

Mimi ni Mkamba wa Machakos. Miaka ya tisini nilikuwa nikiuza chapati Kibera, pale Soweto, ndipo Ouma akanioa na kunipeleka kwao Kabiro, Kawangware. Walikuwa na nyumba kuukuu ya mbao yenye baraza, katikati ya vyumba vya mabati vya wapangaji. Na ungewaona wanavyojivuna. Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa, suti ya kahawia hata akienda msalani, na mama mkwe hakunywa chai ya mpangaji yeyote. Mimi waliniita nyar Machakos, yaani binti wa Machakos, na ukisikia walivyolitamka utajua halikuwa jina la heshima.

Nyuma ya sebule kulikuwa na chumba kilichofungwa kwa kufuli. Waliniambia kina vitu vya Okelo, kaka mkubwa wa baba mkwe, ambaye aliijenga ile nyumba kisha akazama ziwani, maiti isionekane. Kwa Wajaluo, mtu akipotea hivyo huzikwa yago, lile tunda refu la mwegea. Basi walilifunga tunda shuka, wakalitia ndani ya sanduku, wakalisafirisha hadi kijijini kwao, kwenye udongo mweusi wa kando ya ziwa, likaliliwa na kuzikwa kama mtu, na waombolezaji wakala wakashiba.

Nikajifungua mtoto wa kiume. Siku tatu alilia, hanyonyi, nami nikaanza kuogopa kwamba nitamzika. Wakakaa sebuleni wakamtajia marehemu wa ukoo, jina moja moja, maana kwao mtoto hunyamaza akisikia jina la marehemu anayemtaka. Wakataja tisa. Waliposema Okelo, mtoto akanyamaza. Wote wakapiga makofi isipokuwa baba mkwe, aliyetoka akasimama barazani peke yake. Mimi mjinga nikadhani ni furaha.

Jumapili iliyofuata walienda kanisani wakaniacha na mtoto, ambaye bado hanyonyi sawasawa. Akaja mwanamume mwembamba, miguu imejaa vumbi la sementi hadi magotini. Nikamdhania fundi. Aliomba maji, na alipopokea kikombe niliona vifundo vya mikono yake vimechubuka pande zote, kama shingo ya mbuzi aliyefungwa kamba siku nyingi. Hakunywa. Alikuwa anamwangalia mtoto.

"Mama, hako katoto mmekapatia jina yangu," akasema. "Na mimi bado sijazikwa."

Nikamuuliza yeye ni nani.

"Waulize walizika nini."

Niliinama kumnyakua mtoto kwenye mkeka. Nilipoinuka, hakuna mtu. Nyayo za sementi zilipita sebuleni hadi kwenye kile chumba, na kufuli ilikuwa mahali pake. Mlangoni palilala yago, limezungushiwa kipande cha shuka kilichooza. Lilikuwa na udongo mweusi, mbichi. Niamini, Kabiro udongo ni mwekundu.

Waliporudi kutoka kanisani baba mkwe akaliona, na suruali ya kahawia ikalowa. Mama mkwe ndiye aliyesema, akiwa ameketi sakafuni. Okelo hakuzama popote. Aliugua akili, nao wakaona haya, nani angeoa kwenye ukoo wenye kichaa? Wakamfunga kamba mle ndani, katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, mpaka akafa. Vile vidonda vingewaumbua mbele ya ukoo, kwa hivyo wakamchimbia mlemle, wakamwaga sementi, na nyumbani wakapeleka tunda.

Nikawaambia wamtoe wakamzike kwao, mwanangu asife na jina la mtu asiye na kaburi. Unadhani walijibu nini? Baba mkwe, na suruali ileile mbichi, akasema nimeleta uchawi wa Ukambani. Nikamgeukia Ouma.

"Wacha hii maneno," akaniambia. "Utatuharibia jina."

Jumatatu walilichoma tunda. Jumanne wakafungua chumba na kumwaga sementi nyingine juu ya ile ya zamani, na aliyeikoroga ni mume wangu, akipiga mluzi. Kabla ya mwezi kwisha wakakipangisha. Nilipeleka habari kwa ukoo wao, wakanicheka. Okelo walimlilia wenyewe, Mkamba atawaambia nini?

Nikambeba mtoto nikarudi Soweto kwa chapati zangu. Nilimpa jina la baba yangu, Mutua, akanyonya siku hiyohiyo. Sasa ni mwanamume mzima. Lakini jioni ile ya Jumapili nilipomwogesha nilikuta alama za duara kwenye vifundo vya mikono yake, na hadi leo hazijafutika. Hakuna aliyewahi kumfunga kamba.

Kwa hivyo wewe unayetafuta chumba Kabiro, ukioneshwa nyumba kuukuu ya mbao ambamo chumba kimoja tu kina sakafu iliyoinuka, na mwenyewe ni mtu wa suti, usiharakishe kuuliza kodi. Muulize kwanza kaka yake yuko wapi.