Paa la Senti Moja

Aliporudi kutoka kazini Alhamisi ile, Verlene Mapp alikuta karatasi nyekundu imebandikwa mlangoni kwake, juu kidogo ya kitasa, mahali ambapo mtu hawezi kuingia bila kuigusa. Aliisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata maneno, kwa kuwa shule aliiacha akiwa na miaka kumi na minne. Mengi yalimpita. Jina la babu yake halikumpita, wala neno kubomolewa.

Babu Ezekiel Mapp alikuwa na miaka thelathini na tisa kaburini.

Jirani yake, Bi Ozella Tribble, alivuka uzio wa chini akavaa miwani.

"Wanasema nyumba ni hatari na haina mwenyewe," alisoma. "Kesi ni Jumanne ijayo, saa nne asubuhi."

"Haina mwenyewe? Na mimi humu ndani ni nani, paka?"

"Ndivyo walivyoandika, mwanangu. Wamempelekea babu yako barua tatu. Hakujibu."

"Angejibu, ningehama mwenyewe siku hiyo hiyo."

Walicheka, halafu kicheko kikafa, wote wawili wakainua macho kwenye turubai la bluu lililofunika paa tangu kimbunga cha miaka minne iliyopita.

Kilichomuuma Verlene ni kwamba hilo paa alikuwa ameshalipigania, na alishinda. Miaka mitatu nyuma, Bwana Dallis wa ofisi ya mji alipanda kilima cha Gilliam, mtaa wao, na tai yake, akaingia kanisani akaeleza habari ya senti. Kila anunuaye kitu mjini aongeze senti moja juu ya kila dola, na fedha hizo zifufue mitaa iliyosahauliwa: njia za miguu, taa, mapaa. Lakini lazima watu wapige kura wakubali. Alimtaka Verlene amsaidie, kwa sababu Verlene alikaa kwenye mashine ya malipo katika duka pekee la chakula la upande ule, na hakuna aliyepita pale asijulikane naye kwa jina, kwa mama yake na kwa ugonjwa wake.

"Nyumba yako itakuwa ya kwanza, Bi Verlene," Dallis alimwambia mbele ya watu.

Basi akazunguka. Aligonga milango hadi visigino vikapasuka. Alikaanga kambare uani mwa kanisa Jumamosi nne mfululizo, akawalisha watu huku akiwasemesha. Wanaume waliokaa kwa kinyozi walimzomea.

"Verlene! Tangu lini watu wa mji wakapanda kilima hiki ila kuja kukamata mtu?"

"Safari hii watapanda na misumari."

"Ya jeneza lako!"

Senti ilipita kwa tofauti ya kura chache sana, na kura hizo zilitoka Gilliam. Tangu hapo aliikata senti hiyo kwa mkono wake mwenyewe, siku sita kwa juma. Mteja akinung'unika, alimwambia, "Hilo ni paa lako, tulia." Hata mkate wake mwenyewe aliukata senti. Njia za miguu zilikuja. Taa zilikuja. Mapaa yakaanza kubadilishwa nyumba kwa nyumba, Bi Ozella akapata la kijivu lisilovuja. Faili la Verlene la kuomba paa likarudishwa mara mbili, na mara ya tatu ikaja karatasi nyekundu.

Ijumaa asubuhi alikuwa mbele ya meza ya Bwana Dallis, bado na aproni ya dukani.

"Tatizo ni hati," Dallis alisema bila kumtazama. "Nyumba iko kwa jina la marehemu. Fedha za umma haziwezi kutengeneza nyumba ya marehemu."

"Lakini zinaweza kuibomoa?"

Alizungusha kalamu vidoleni. "Jengo bovu lisilo na mwenyewe, ndiyo. Sheria inasema hivyo."

"Na wavunjaji watalipwa kutoka mfuko gani?"

Dallis alikohoa. "Ule ule."

"Wa senti?"

"Wa senti."

Verlene alimkumbuka babu. Mzee yule aliona majirani wawili wakiingia ofisi ya mwanasheria kwenda kuandika wosia, na kabla ya mwaka kwisha watoto wao wakawa nje ya mashamba yao. Akaapa kwamba jina lake halitaingia kwenye karatasi ya mtu. Nyumba ni ya damu yake yote, alisema, na isiyo na jina la mmoja haiwezi kuuzwa na mmoja. Mama yake Verlene, mtoto pekee wa mzee, alilipa kodi ya kiwanja kwa jina la baba yake mpaka akafa. Verlene naye akalipa vivyo hivyo. Miaka yote hiyo alidhani wameufunga mlango dhidi ya wezi.

"Kuna njia moja," Dallis alisema. "Warithi wote waape mbele ya karani wa mahakama na watie saini kabla hakimu hajaamua. Mko wangapi?"

"Mimi na mdogo wangu."

"Wawili tu! Bi Verlene, kuna watu wanakuja hapa na warithi arobaini."

"Ungenipa hao arobaini, Bwana Dallis, ningekushukuru."

Mdogo wake, Jonetta, aliendesha basi la shule Jacksonville, Florida, ng'ambo ya mpaka wa jimbo. Hawakuwa wamesemezana kwa miaka kumi na mmoja. Mchana ule Verlene alipita nyumbani, akakaa kitandani, simu mapajani, mpaka saa yake ya mapumziko ikakaribia kwisha. Kisha akapiga.

"Nani?"

"Verlene."

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Ni kweli. Mtu akifa wewe hupigi."

Verlene alifumba macho, akaeleza yote kwa pumzi moja: karatasi nyekundu, Jumanne, saini. Jonetta alisikiliza bila kukatiza, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi.

"Nitakuja," alisema mwishowe. "Na kalamu yangu mwenyewe. Lakini kwanza utasema."

"Niseme nini?"

"Usinichezee, Verlene. Utasema ulichofanya. Si kwangu, mimi nakijua. Utawaambia wao, wanawake wako wa kanisa."

"Mbele ya hakimu?"

"Ndiko. Nawajua, watakuja wote wakae nyuma yako."

"Jonetta, wale ndio watu pekee nilio nao."

"Na mimi ndiye mwenye nusu ya nyumba." Simu ikakatwa.

Hapa lazima kisemwe kilichokuwa kati yao, maana Gilliam nzima ilijua nusu tu. Mama yao aliugua miaka tisa. Verlene ndiye aliyemgeuza, akamwosha, akamlisha kwa kijiko. Kulikuwa na fundi bomba mmoja aliyetaka kumwoa, akasubiri miaka miwili, akachoka, akaoa kwingine. Jonetta alituma kadi zenye maua. Siku tatu za mwisho mama alianza kuita, na jina aliloita lilikuwa la Jonetta. Si mara moja wala mara kumi. Verlene akiwa na beseni mkononi, mama anamtazama usoni na kumwita Jonetta. Verlene alichukua simu. Akairudisha mahali pake. Aliiinua tena baada ya watu wa mazishi kuondoka na maiti. Na kanisani alipoulizwa mdogo wake yuko wapi, alijibu, "Nilimpigia mara tatu. Hakutaka kuja." Siku ya maziko Jonetta alisimama peke yake upande wa pili wa kaburi, na hakuna mkono uliomgusa.

Kwa siku nne Verlene hakula sawasawa. Dukani alirudisha chenji vibaya. Jumapili wanawake wa kanisa walimzunguka, wakaapa watakuja Jumanne wote na kofia zao, wamwoneshe hakimu kwamba Verlene ana watu. "Mwanamke uliyemuuguza mama yako peke yako," walisema, "Mungu hawezi kukuacha." Aliwashukuru.

Jumanne walijaza mabenchi mawili. Hakimu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mafua, ana faili nyingi mbele yake. Nyumba ya kwanza ilihukumiwa kabla mwenyewe hajamaliza kuketi. Ya pili haikuwa na mtu wa kuitetea. Verlene aligeuka kutazama mlango. Hakuna mtu.

"Jengo la Ezekiel Mapp, Mtaa wa Kilima cha Gilliam."

Alisimama. Mlango ukafunguka nyuma, akaingia mwanamke mwenye mvi na koti la madereva, akakaa benchi la mwisho, mkoba magotini. Minong'ono ikapita chini ya kofia.

"Una dakika tatu, Bi Mapp."

Verlene alianza na babu. Alisema jinsi alivyozibeba mbao za sakafu begani. Alisema habari ya senti, ya kambare, ya visigino vyake. Sauti yake ilikuwa nzuri, na Bi Ozella alikuwa akitikisa kichwa kumwunga mkono. Mshale wa saa ya ukutani ulizidi kuzunguka. Hakimu alipenga kamasi akachukua kalamu. Nyuma kule Jonetta alifungua mkoba wake. Kisha akaufunga, tak, na kuanza kuinuka.

"Sikumpigia," Verlene alisema.

Hakimu aliinua macho. "Unasema?"

"Mdogo wangu. Mama alipokuwa anakufa. Nilisema nilimpigia mara tatu. Sikumpigia hata mara moja. Mama alimwita siku tatu, mimi nikakaa na simu. Nilitaka akose. Nilitaka akose kitu kimoja, maana mimi nilikuwa nimekosa vyote."

"Bi Mapp, hili linahusiana vipi na jengo?"

"Ndilo lenyewe, mheshimiwa."

Mmoja wa wanawake wa kanisa alisema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo, na Bi Ozella akaacha kutikisa kichwa. Verlene hakugeuka kuwatazama. Alisikia viatu vikija kwenye njia ya katikati, taratibu, vya mtu asiyeharakishwa na mtu.

"Jonetta Mapp," mdogo wake alimwambia karani. "Nioneshe pa kusaini."

Waliapa wakiwa wamesimama bega kwa bega, mikono juu, na hawakutazamana. Hakimu alisoma kiapo, akakirudia, akaifuta amri ya kubomoa. Faili lirudi ofisi ya mji, alisema, nyumba sasa ina wenyewe wawili walio hai.

Ngazini nje, zile kofia zote zilimzunguka Jonetta. Walimshika mikono yote miwili, wakalia, wakamwomba msamaha. Miaka kumi na mmoja ya mikono ikamwagika kwake kwa mara moja. Verlene alisimama karibu na nguzo akiwa na aproni yake mkobani, akisubiri mtu akumbuke kwamba miaka tisa ya beseni haikuwa uongo. Bi Ozella peke yake ndiye aliyemkaribia.

"Ulifanya vibaya sana, mwanangu."

"Najua."

"Twende, utachelewa kazini."

Mafundi walipanda kilimani mwezi wa kumi na gari la mbao. Kwenye mlango wa gari hilo mji ulikuwa umeandika kwa herufi kubwa kwamba kazi hii imelipwa kwa senti ya wananchi. Turubai la bluu lilishuka. Siku hiyo hiyo, nyundo zikiwa zinalia juu, lori dogo lenye namba za Florida liliegeshwa mbele ya baraza. Jonetta alishuka, akainua macho kwenye paa kama mtu anayekagua mali yake, ambayo kweli ilikuwa yake.

"Nimestaafu kuendesha basi," alisema. "Chumba cha mbele ni cha mama. Nitalala humo."

"Chumba cha mbele nalala mimi."

"Ulilala."

Verlene aliingia ndani, akatoa shuka zake chumba cha mbele, akazihamishia chumba cha nyuma, kile chenye dirisha linaloangalia uzio. Aliporudi, Jonetta alikuwa ameketi kwenye ngazi ya baraza, mahali pake Verlene pa siku zote, akitazama mafundi.

"Umepika nini?"

"Mboga za majani na mkate wa mahindi."

"Mchuzi wa pilipili upo?"

"Haupo. Dukani upo."

"Dukani kwako?"

"Kwangu. Na utakatwa senti kama watu wengine."