Mchezo Nisiotaka Utengenezwe Upya

Mpwa wangu, binti wa dada, anafanya kazi za kompyuta Dodoma. Siku moja aliniandikia kwenye simu: mjomba, ninyi wa zamani, ile michezo yenu ya kompyuta ya kusafiri na kufumbua mafumbo, ipi inastahili kutengenezwa upya? Nilifurahi kuulizwa. Mtu akifika umri wangu huulizwa habari za presha na za mbolea, basi.

Nilimjibu kwa kirefu. Ule wa meli iliyokwama mchangani utengenezwe, nilisema, lakini wamwondoe yule kasuku, maana alitupotezea wiki tatu kwa fumbo lisilo na kichwa wala miguu. Ule wa mji wa jangwani usiguswe. Watu wake walichorwa kwa nukta kubwa kubwa, jicho nukta moja, mdomo nukta mbili, na sura zao tulizijaza wenyewe. Wakichorwa vizuri leo watakuwa watu wengine. Ule wa mganga na chupa zake ufutwe kabisa, nami niko tayari kutoa sababu mbele ya yeyote. Nilikuwa naandika huku nikitabasamu peke yangu.

Akauliza: na ule wa hoteli ya kwenye theluji, anaousema mama kila siku? Umeshatengenezwa upya, mjomba, na watu wake siku hizi wanaongea kwa sauti. Krismasi nakuja nao nyumbani Milanzi nimchezeshe mama. Nitamtafsiria mstari kwa mstari.

Nilimjibu papo hapo kwamba ule haukuwa mzuri, aachane nao. Nilidanganya. Huo ndio mchezo bora kuliko yote niliyowahi kuiona.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, kila mwenye mtaji akaruhusiwa kuleta anachotaka. Sumbawanga ilijaa nguo za mitumba, na baada ya nguo zikaja kompyuta za mitumba. Mfanyabiashara mmoja alifungua chumba cha kuchapa, fotokopi na faksi, na mashine zake zilikuja na mambo ya wenyewe wa kwanza humo humo ndani: barua za watu, picha za mbwa, na michezo. Dada, huyo mama wa mpwa wangu, ni mtoto wa mama mkubwa, na alikuwa anafanya usafi pale. Aliishia darasa la saba huko Pito, akalima, kisha akaja mjini kutafuta kitu kingine. Jumapili duka lilifungwa, funguo alikuwa nazo yeye, na mwenye duka alimruhusu abaki ajifunze kuchapa. Kuchapa alikujua ndani ya mwezi mmoja. Baada ya hapo, kila tukitoka misa, tulicheza.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Mbeya. Nyumbani walijua nimefaulu ila nafasi za kuendelea ni chache. Ukweli ni kwamba nilianguka, na somo lililoniangusha kwa kishindo kuliko yote lilikuwa Kiingereza. Hakuna wa kwetu aliyekwenda Mbeya kusoma matokeo ubaoni, kwa hiyo niliishi na uongo wangu kwa raha. Mpaka dada alipovuta kiti cha pili mbele ya kioo cha kompyuta, akaniuliza, "Hapa anasemaje?"

Katika mchezo ule unafika kwenye hoteli moja mlimani, theluji imefunga njia, mwenye hoteli haonekani, nawe unapita chumba kwa chumba ukimtafuta. Dada alisema baridi yenyewe ni Juni yetu tu, ila ya wenzetu inaganda. Kipanya alikishika yeye, na mafumbo aliyafumbua yeye. Kuna mahali tulikwama mwezi mzima, mpaka akaona kwamba kila kitu sebuleni kimechorwa kikiwa na vumbi isipokuwa saa ya ukutani. "Hii inashikwashikwa," alisema, akaifungua, ufunguo ukawa ndani. Nilimaliza sekondari mimi, lakini lile vumbi sikuliona.

Kazi yangu ilikuwa maneno, na maneno nilitunga. Katika mstari wa maneno kumi nilijua matatu, saba nikajaza. Mzee wa mapokezi wa ile hoteli nilimfanya baba aliyepotelewa na binti, na nilimpa maneno mazuri kiasi kwamba Jumapili moja dada alijifuta machozi kwa kitenge. Nilijiona fundi. Kisha akaanza kuleta daftari. Kushoto aliandika Kiingereza cha kwenye kioo, herufi kwa herufi, kulia akaandika tafsiri yangu. Alisema anataka kujiendeleza. Nilimwangalia anavyoandika, ulimi umetoka kidogo kwa bidii, na sikumzuia.

Mwaka uliofuata ilifunguliwa nyumba ya wageni, ya kwanza mjini kwetu iliyotaka mtu wa mapokezi anayeweza kuwapokea wazungu wa miradi. Dada aliomba. Kwa wiki mbili alikariri daftari lake, na asubuhi ya usaili alinisomea sentensi aliyoipenda kuliko zote, ya mzee wa mapokezi anapofungua mlango. Kwenye daftari tafsiri yake ilikuwa: Karibu sana, tulikuwa tunakusubiri. Nilitafsiri hivyo kwa sababu mzee ni wa mapokezi, na mtu wa mapokezi atasema nini kingine? Lakini neno la kukanusha lilikuwemo mle kwenye sentensi, nami nililijua tangu darasa la tano. Nililiruka kwa sababu lingeniharibia hadithi. Alichokisema yule mzee kilikuwa: Hukupaswa kuja hapa.

Ningeweza kumwambia asubuhi ile. Nilimwambia, "Uko vizuri, dada."

Alirudi mchana, akakaa kwenye kigoda, akavua viatu vya kuazima. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa amemleta mgeni halisi, mama wa kizungu, asimame mlangoni, ili waombaji wampokee mmoja mmoja. Dada alitabasamu, akatamka sentensi yake. Akaombwa arudie. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, akamwonyesha na kiti. Hapo wakacheka wote, mgeni, mwenye nyumba, hata wasichana wengine waliokuwa kwenye foleni, na akaambiwa ataitwa.

"Ni ulimi wangu," aliniambia. "Maneno nilikuwa nayo yote. Hiki Kifipa kimenikaa mdomoni, yule mama hakunielewa."

Alikuwa ananitazama, anangoja nimkatalie. Nikamwambia, "Ndiyo, dada. Ni matamshi."

Nimefanya mabaya mengine maishani, mengi ya kawaida. Lile ndilo linalonifanya nishindwe kujitazama ninaponyoa ndevu.

Dada aliolewa Milanzi, akapata watoto watatu, na nyumbani kwake Kifipa kikapigwa marufuku. Ilikuwa Kiswahili tu, tangu mtoto yuko mgongoni. Watu walimsifu kwamba ni mama wa kisasa, nami nilikaa pale nikinywa chai yake. Uzeeni mama mkubwa alihamia kwao kutoka Pito. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi. Wajukuu walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na mazungumzo yakaishia hapo. Nikifika ndipo waliongea, mimi katikati, nikitafsiri huku na huku, safari hii bila kuongeza neno. Siku moja aliniuliza kwa Kifipa kama wajukuu wanamdharau. Nikamwambia hapana, mama mkubwa, wana aibu tu. Alifariki mwaka juzi.

Kwa hiyo mpwa wangu aliposhikilia kwamba mchezo atauleta, nilihesabu wiki zilizobaki na kuona nina mambo mawili: kuumwa siku ya Krismasi, au kwenda mwenyewe. Kuumwa nilikufikiria kwa siku nne, nisijisifu.

Nilimkuta dada uani anapepeta ulezi. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamwambia yote, kuanzia ubao wa Mbeya hadi lile neno nililoliruka. Ungo uliendelea kupanda na kushuka muda wote. Nilidhani hajanisikia.

"Siku ile niliposema ni ulimi wangu," aliuliza, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, dada."

Aliuweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye kitenge.

"Kwa ile kazi sina neno na wewe," alisema. "Ningeolewa, ningeiacha. Lakini mama, wiki yake ya mwisho, aliniuliza kwa nini niliwanyima watoto maneno yake. Nikamwambia, ili wasije wakachekwa kama nilivyochekwa mimi. Akalia. Akaniomba msamaha, mdogo wangu, kwa kunifundisha Kifipa."