Nusu ya Uso kwenye Jalada

Ulikuwa mwaka ule tuliokula mbaazi asubuhi, mchana na jioni. Wanunuzi hawakuja. Magunia yalijaa mpaka vyumba vya kulala, na sisi wanawake tukapika mbaazi za chumvi, mbaazi za nazi tulipoipata nazi, mbaazi na bada, ugali wetu wa muhogo, mbaazi za kupondwa zikawa uji wa watoto. Mgeni akija, mbaazi. Msibani, mbaazi. Jirani yangu wa mlango wa pili alisema mwaka ule hata ushuzi ulikuwa wa aina moja kijiji kizima, na hakusema uongo. Kwa hiyo ukiniuliza mjukuu wangu alikuja lini na kamera yake, tarehe siijui. Alikuja mwaka wa mbaazi, mikorosho ikiwa kwenye maua.

Mimi nimesoma darasa la pili, na kilichobaki nilikimalizia kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa na mtoto mgongoni. Naandika polepole. Lakini naandika mwenyewe, sitaki mtu anishikie kalamu.

Mjukuu huyo nimemlea mimi. Mama yake, binti yangu, alifariki mtoto akiwa na miaka minne. Nimemsomesha kwa ufuta wa shamba hili hili la Mbekenyera, akaenda Dar es Salaam, akajifunza kazi ya picha, akaajiriwa mahali wanapotengeneza majalada ya vitabu. Nilijisifu. Sioni aibu kusema. Nilijisifu kisimani, nikajisifu mnadani, nikajisifu hospitali nilipokwenda Nachingwea kupimwa macho.

"Mjukuu wangu anavitengenezea vitabu nyuso," nikamwambia mwanamke tuliyekaa naye kwenye benchi.

"Vitabu navyo vina nyuso?"

"Vinazo. Kwani wewe unanunua kanga bila kuitazama?"

Alifika kwa bodaboda kutoka Ruangwa mjini, amevaa suruali, mgongoni mkoba mkubwa kama wa askari. Kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, utani ndiyo salamu. Nikamwanza kabla hajashuka.

"Mke mwenzangu! Umekuja kuninyang'anya mume?"

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja kuona kama kaburi la mume wetu unalifagia."

"Nalifagia peke yangu. Wewe mke mdogo kazi yako kujipaka mafuta."

Tulicheka. Akala mbaazi. Akaniambia kazi iliyomleta: ofisi yao ina kitabu cha hadithi za kutisha, na safari hii jalada amepewa yeye, si kumsaidia mtu, lake mwenyewe, na jina lake litaandikwa ndani kama mpiga picha. Alitaka picha ambayo mtu akiiona dukani ashtuke, halafu akichukue kitabu.

"Mtu akishtuka anakimbia," nikasema.

"Hawa hawakimbii, Bibi. Wananunua."

"Basi hawajaogopa bado."

Kesho yake tulipanda bodaboda, yeye na mimi na dereva, tukaenda Chinongwe kwenye nyumba ya ndugu wa marehemu mume wangu. Wenyewe walishahama, nyumba imebaki na milango yake. Mjukuu wangu akafungua mkoba. Mna fuvu la mbuzi, kitambaa chekundu, mishumaa, na chupa ya damu ya kutengeneza. Nikachovya kidole nikaonja. Tamu.

"Nani ataogopa sharubati?" nikamwuliza.

Akaweka fuvu dirishani, akarudi nyuma, akainama, akalala chini kwenye vumbi na suruali yake nzuri, akapiga. Nikaangalia kwenye kioo cha kamera. Nikamwambia ukweli: hapa kwetu kichwa cha mbuzi ni supu. Mtu akikiona atauliza kama imebaki.

Alinuna kidogo. Halafu akasema, "Haya, mke mkubwa. Wewe unaogopa nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilikaa barazani nikafikiri. Nikamwambia usiku si kitu, usiku kila mtu amejifungia ndani na mwoga mwenzake. Kinachotisha ni saa saba mchana. Watu wote wako shamba, jua limesimama, hata kuku hawalii, na wewe umerudi kuchukua jembe ulilosahau. Unapita kwa jirani. Mlango umefungwa kufuli kwa nje. Na jikoni kwake moshi unatoka.

Akafunga lile fuvu kwenye kitambaa, akalirudisha mkobani.

Tukafanya kazi. Tulitia kufuli kwenye mlango wa mbele, mimi nikazunguka nyuma, nikaingia jikoni, nikachoma majani mabichi ya mkorosho mpaka moshi ukatoka juu ya paa kama nyumba inapumua. Nikamwambia tuweke kandambili mlangoni. Aliziweka sambamba, kama za mgeni aliyekuja kuswali. Nikazigeuza: moja itazame ndani, moja itazame nje. "Sasa mwenye kandambili hizi yuko wapi?" nikamwuliza, na mimi mwenyewe nywele zikanisimama. Alinionyesha picha, fuvu la mbuzi likawa mchezo wa watoto.

Nikamfundisha na jingine. Nikamwambia usionyeshe kitu chote. Ukionyesha fisi mzima mtu anaona fisi. Onyesha sikio. Ukikata nusu, mtu atamalizia mwenyewe, na atakachokimalizia kitakuwa kibaya kuliko chako.

"Rudia, Bibi, niandike." Akaandika kwenye simu.

Siwezi kueleza nilivyojisikia. Mimi wa darasa la pili, namfundisha msomi, na msomi anaandika.

Moshi ukanizidi. Nikatoka jikoni nakohoa, macho yamewiva mekundu, nimeshika mwimo wa mlango, nikamtazama kumwuliza kama moshi umetosha. Kamera ikalia.

"Umenipiga?"

"Najaribu mwanga tu, Bibi."

Jioni yake, nyumbani, aliziweka picha kwenye kompyuta yake ndogo, tukachagua. Tulibishana kama wanawake wa sokoni. Mimi nilitaka kandambili. Yeye alitaka kufuli na moshi. Alizikata, akazipunguza rangi, akasogeza kufuli pembeni ili jina la kitabu lipate pa kukaa, nami nikawa nasema "hapana, rudisha kivuli" kama nimezaliwa na kazi hiyo. Picha yangu hakunionyesha. Asubuhi akaondoka, nikampa gunia la mbaazi, akaligawa stendi.

Sasa lazima niseme kuhusu uso wangu, maana msomaji hanioni. Nina nembo. Kipaji cha uso, mashavu, pembeni mwa macho, mistari iliyochanjwa na kupakwa masizi nikiwa msichana. Mdomo wa juu una tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha urembo. Ndonya yenyewe niliitoa zamani, tulipoanza kuchekwa. Fundi wa nembo alikuwa mwanamke wa upande wa Chunyu, mkono wake mwepesi. Alinichanja siku nzima na sikulia. Wenzangu walilia. Mimi mama yangu alipita nyumba kwa nyumba akisema, njooni mwone, hakulia. Mume wangu alinifuata kwa sababu ya uso huu. Alipokuwa mgonjwa, hawezi tena kuona vizuri, alikuwa ananipapasa mashavu kwa kidole, anafuata mistari, anasema, "Ni wewe."

Na lazima niseme jambo la pili. Huku kwetu mtu akishukiwa uchawi ananyolewa. Analetwa mtaalamu, watu wanakusanyika, unakalishwa chini, unanyolewa kichwa hadharani ili uchawi uishe. Hawaui, wanasema. Wananyoa tu. Rafiki yangu mmoja, tuliyechezwa unyago pamoja, alinyolewa uzeeni kwake. Kosa lake lilikuwa macho mekundu na kuishi peke yake. Nywele ziliota tena. Lakini watoto hawakumpokea tena mkononi kitu cha kula, hata muwa. Aliishi miaka miwili akipika chungu cha mtu mmoja, akafa. Tuliomwosha ni mimi na mwingine mmoja tu.

Mjukuu wangu anayajua hayo. Amekulia hapa. Alikuwa anakula kwa yule rafiki yangu akiwa mdogo.

Alirudi korosho zikianza kudondoka. Safari hii hakuanza na utani, alianza na soda na mkate. Akatandaza karatasi kwenye mkeka: jalada lenyewe, limeshachapwa kwa kujaribu, na karatasi nyingine ya mimi kuweka sahihi.

Nikaona nusu ya uso wangu.

Jicho moja, jekundu. Nembo za shavu moja, amezitia weusi zikawa kama nyufa. Tundu la mdomo. Nusu ya pili imemezwa na mwimo wa mlango. Nyuma moshi. Na jua la saa saba kila mahali, kweupe, hakuna pa kujificha. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote. Nasema kweli. Ningekuwa mimi ndiye mwenye kuchagua na uso ni wa mtu mwingine, ningechagua hiyo. Alifuata kila nilichomwambia.

"Kitabu kinahusu nini?" nikamwuliza.

Akachezea kifuniko cha soda. "Hadithi nyingi, Bibi. Ile kubwa ni ya... ya bibi mmoja. Anakula wajukuu zake."

"Anakula wajukuu zake."

"Ni hadithi tu."

Jirani yangu, yule wa ushuzi wa mbaazi, akaingia kuomba chumvi. Akaliona jalada. Akalichukua, akacheka: "Ala! Hili zimwi linafanana na..." Akaacha kucheka. Akanitazama. Akatazama karatasi. Akanitazama tena. Nimekaa na mwanamke yule miaka arobaini, nimemzalisha watoto wawili kwa mikono hii. Mtazamo wa kwanza ulikuwa wa kunitambua. Wa pili ndio niliouogopa. Akasema atarudi baadaye, akaondoka bila chumvi.

"Umeona?" nikamwambia mjukuu wangu.

"Bibi, vitabu hivi vinauzwa mjini. Huku nani anasoma?"

"Huku hawasomi. Huku wanatazama. Na jalada ni la kutazamwa, si ulinifundisha mwenyewe?"

Akaanza kulia. Akasema bosi alipitia picha zote kwenye kamera, akaichagua hii, akazitupa kufuli na kandambili. Akasema wameipenda wote ofisini. Akasema ndilo jalada lake la kwanza, na akirudi bila sahihi yangu atapewa mwingine. Nilitaka kumfuta machozi. Mkono uliinuka wenyewe. Nikaurudisha.

"Ulisema unajaribu mwanga," nikamwambia.

Akapiga simu, akaiweka sauti ya nje, akaishika kati yetu. Bosi alikuwa mwanamume, kijana kwa sauti, ana adabu.

"Shikamoo, Bibi. Picha yako imetugusa sana hapa. Ni sanaa."

"Marahaba. Una bibi?"

"Alishafariki, Bibi."

"Pole. Picha yake mnayo?"

"Ipo."

"Basi weka hiyo kwenye kitabu."

Akacheka. "Bibi yangu hakuwa na chale usoni. Isingetisha."

Mjukuu wangu akafumba macho. Nadhani hapo ndipo alipoyasikia yale aliyoyafanya, kwa mdomo wa mtu mwingine. Mimi nikaivuta simu karibu, nisije nikasikika vibaya.

"Uso huu ulichanjwa nipendwe, haukuchanjwa niogopwe. Sitaki."

Nikaichukua ile karatasi ya sahihi, na kwa sababu najua kuandika, nikaandika maneno hayo hayo pale palipoachwa wazi pa jina langu. Yalizidi mstari. Yeye akakunja karatasi yake na jalada lake, akaondoka bila kula. Chungu kilikuwa cha watu wawili.

Kitabu kilitoka. Nimeambiwa mbele kina kandambili, moja inatazama ndani, moja inatazama nje, na ndani limeandikwa jina la mpiga picha mwingine aliyekwenda kuzipiga upya. Wazo langu, mlango wa watu wengine. Sijakiona na sikitafuti. Mjukuu wangu bado anapiga picha, za harusi sasa. Ananipigia simu sikukuu. Anasema "Bibi", mimi nasema "mwanangu". Mke mwenzangu nimeacha kumwita, neno linakwama. Jirani yangu alirudi kuomba chumvi baada ya wiki, akaipokea kwa sahani, si kwa mkono. Siku hizi anapokea kwa mkono. Nimehesabu: ilichukua misimu miwili ya korosho.

Mwaka huu mikorosho ikiwa tena kwenye maua, simu ikalia na si sikukuu. Alikuwa yeye. Alisema kuna ofisi nyingine, watu wengine, kitabu kingine cha kutisha, na yeye angali ameitunza ile picha. Alisema watu wameendelea siku hizi. Alisema jicho wataliondoa wekundu. Alisema, kwa sauti ndogo, "Mke mkubwa, tafadhali."

Alikuwa hajaniita hivyo tangu Chinongwe. Nilikaa na simu sikioni, nikamsikia anapumua. Nilipapasa shavu langu kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka mwisho. Kisha nikamjibu kama nilivyojibu mwaka wa mbaazi:

"Uso huu ulichanjwa nipendwe, haukuchanjwa niogopwe. Sitaki."