Mwalimu Aliyeanza Kucheka Kanisani

Siku yangu ya kwanza katika wadi ya wagonjwa wa akili, hapa Kamina, mtawa tuliyemwita Masela, mkuu wa wauguzi, hakunipa sindano. Alinipa kiti. "Ikala na jamaa ya mugonjwa," akasema. "Uliza huyu muntu alikuwaka namna gani mbele ya ugonjwa." Nilihamishiwa Luena, kisha Kabongo, nikarudi Kamina nikiwa muuguzi mkuu, na swali hilo sikuliacha.

Ndilo nililomuuliza Ngoie, fundi wa reli, alipomleta mkewe, Mama Ilunga. Alikuwa mwalimu katika shule ya Wamethodisti, mama wa makamo, mpole na nadhifu. Sasa alikuwa akicheka katikati ya mahubiri, akivaa nguo chafu, akiwaacha wanafunzi darasani na kwenda zake. Shule ilimsimamisha, na ndugu wa mume walitaka arudishwe kwao.

"Tata, hakukuwaka vile," Ngoie aliniambia. "Alikuwa na haya, aliheshimia bantu. Sasa maharagwe inaungua, moshi inajaa nyumba, yeye iko pembeni, hasikie harufu."

Neno hilo la mwisho nililipeleka mbio kwa Daktari Mkuu, mtu mkali asiyependa maelezo marefu. Akaagiza kahawa na sabuni. Mama Ilunga akafumba macho, tukamwekea kahawa puani.

"Mama, ni nini?"

"Maji," akajibu, akacheka. Sabuni nayo ikawa maji.

Daktari akachukua kurunzi ndogo ya kutazamia ndani ya jicho. Mshipa wa fahamu wa jicho ulikuwa umevimba, dalili ya shinikizo ndani ya fuvu. "Haya ya muntu inakaa mu ubongo wa mbele, juu ya pua," akasema. "Pale kuko kitu kinafinya. Aende Lubumbashi."

Ndugu walitaka maombi kwanza. Ngoie hakugombana nao. "Sawa, muombe," akawaambia. "Siye tutakuwa mu njia."

Picha ya skana huko ilionyesha uvimbe wa utando wa ubongo, ule unaokua polepole na si saratani. Madaktari wakampasua, wakautoa. Miezi ilipita kabla Mama Ilunga hajaingia tena wadini kwangu, kitambaa kichwani, akitembea wima. Akapitisha kidole dirishani. "Tata Kalenga, hapa muko vumbi." Nilifurahi kuliko siku niliyopandishwa cheo.

Wagonjwa wengi niliowauguza hawakuwa na uvimbe wowote, na dawa za akili ziliwasaidia. Lakini mtu mzima akibadilika tabia kwa mara ya kwanza, huku kichwa kikimuuma asubuhi, au macho yakififia, au akipata kifafa, ninyi wauguzi vijana msikubali haraka kwamba ni wazimu tu.

Sasa nimestaafu, na nina nafasi ya kuitikia mialiko. Jumapili iliyopita nilikula kwa Ngoie. Mkewe amerudi darasani, ila pua yake haikupona. Nilimkuta Ngoie jikoni, ameinamia sufuria ya samaki, akimnusia mkewe.

"Iko tayari," akasema.

"Hapana, ongeza moto," mwalimu akajibu.

Wakabishana hadi samaki wakaiva kweli.