Skonzi za Adesi Mnadani

Mama yangu ana jongo. Daktari alimkataza nyama nyekundu, naye akaitikia kwa adabu, kisha tulipotoka tu akaniambia nimnunulie skonzi ya nyama ya kusaga. Akifika Bukoba hakuna anachokipenda kama hicho: skonzi iliyopasuliwa katikati, nyama yenye sosi ya nyanya ikichuruzika pembeni. Aliila huku mguu uliovimba ameunyoosha juu ya benchi, kana kwamba ni mguu wa mtu mwingine.

Nikaamua kumtengenezea skonzi ileile bila nyama. Sikusomea upishi, nimejifunza chumbani kwangu Kahororo, hukohuko Bukoba, kwa video za simu na kwa kuharibu. Nilitumia adesi, zile dengu ndogo bapa, kutoka dukani kwa mzee wa Kihindi mjini. Sufuria ya kwanza ikawa uji. Iliyofuata ikawa kokoto. Nakiri kwamba nilikosa usingizi kwa sababu ya dengu. Mwishowe zikaiva bila kupasuka, nikazikaanga na vitunguu, hoho na nyanya, nikaongeza siki na sukari kidogo. Skonzi nikazichoma upande wa ndani ili zisilowane upesi.

Jumapili asubuhi nikafika nazo nyumbani Muleba, kwenye kikapu. Mama alikuwa anatoka kwenda kanisani.

"Nyama gani hii?" akauliza, akinusa.

"Adesi, mama."

Akazifunika taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala, tukaondoka na kikapu. Wakati wa sadaka akasimama, akachechemea hadi mbele, akakiweka kikapu changu kando ya mikungu ya ndizi na mayai ya watu.

"Mama!" nikanong'ona aliporudi.

"Nimemtolea Mungu kilicho bora. Au si bora, mwana wange?"

Usharikani kwetu, baada ya ibada, sadaka za namna hiyo hupigwa mnada nje ya kanisa. Mnunuzi akipenda huzirudisha ziuzwe tena, ili sadaka iongezeke. Mzee wa kanisa, mwenye mdomo mchangamfu kuliko wote, akanyanyua kikapu.

"Skonzi za Bukoba mjini! Zimepanda basi kuja kusali! Mpishi, ndani mna nini?"

"Adesi."

"Sema kwa sauti, waitu, hapa hatuna mgonjwa!"

"Adesi!"

Watu wakacheka. Mwalimu mmoja akanunua, akarudisha. Mama wa kwaya akanunua, naye akarudisha. Kila mmoja alipigiwa makofi kwa ukarimu wake. Mimi niliwaza sosi inavyozidi kuingia kwenye mkate, na sikujua kama wanarudisha kwa kumpenda Mungu au kwa kuogopa adesi.

"Unaona zinavyopendwa?" mama akaniambia, macho yakimcheka. "Hakuna anayetaka kuzimaliza."

Ndipo jirani yetu, anayemwona mama akichechemea kila asubuhi, akanyoosha mkono.

"Nimezichukua mimi, na sirudishi. Nampa mama wa mpishi. Dada yangu, kula hapahapa tukuone!"

Makofi yakalipuka. Zawadi ya mnadani haikataliwi mbele ya washarika. Mama akanitazama kama mimi ndiye niliyepanga njama, akakaa kwenye kiti alicholetewa, akauma.

Sosi ikamtiririkia mkononi. Nilikuwa nimezikodolea macho taya zake kama mtahiniwa anayesubiri matokeo. Akatafuna, akauma tena. Alipomaliza akalamba kidole gumba.

"Mama," mzee wa kanisa akauliza, tayari ameshika mpini wa kikapu, "hizi zilizobaki tuzirudishe mnadani?"

Mama akakivuta kikapu mapajani.

"Hizi hazirudi."

Njiani akaniambia vitunguu nimevikata vikubwa mno na siki imezidi. Nikaanza kuomba radhi, nikieleza habari za siki mpaka akaniambia ninyamaze. Alikuwa anachechemea, lakini kikapu alikataa nimbebee.