Saa Nne ya Nakonde

Ilikuwa saa nne kamili asubuhi, kwa saa ya Tunduma, nilipobonyeza kitufe cha kuanzia. Naikumbuka siku hiyo, mwanangu, kwa sababu nilijiona fundi.

Nilikuwa nimejifunza peke yangu, kwa vitabu, muziki wa anga za juu: sauti ndefu za sintesaiza, yaani kinanda cha umeme, na chini yake sikwensa, kifaa kinachorudia bila kuchoka noti ulizokipangia. Kazi yangu niliiita "Kuelekea Zohali". Ilinichukua miezi minne. Sintesaiza yenyewe alinivushia shangazi yangu aliyeolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ameifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga. Ombi lake lilikuwa moja tu: aisikie siku ya kwanza.

Nilimwambia saa nne. Ukumbi wa kanisa ulijaa vijana, lakini kiti chake kilikuwa kitupu. Rafiki yangu akaninong'oneza, "Msubiri mama wa watu." Nikamjibu kwamba muda ni muda.

Nusu saa baadaye nikamaliza. Kijana mmoja akauliza, "Kaka, huo ni muziki au friji bovu?" Tukacheka, wakatawanyika, nikachomoa nyaya. Ndipo shangazi akaingia akihema, amevaa nguo zake za Jumapili.

"Nimewahi, eh?" akasema, akinionyesha saa yake ya mkononi. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi.

Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Mimi niliyepima kila pigo sikumwuliza anafuata saa ya upande gani.

"Haya, washa."

Sikwensa ile ya zamani ilikuwa ukichomoa umeme, noti zote zinafutika. Nikamweleza, machozi yakinilenga.

"Awe!" akakataa kwa Kibemba chake cha mpakani. "Na vidole navyo vimefutika? Kaa, upige unachokumbuka."

Nikapiga kwa mkono, polepole, nikikosea sana. Alisikiliza amefumba macho mpaka mwisho. Kisha akapiga makofi ya taratibu, yale ya kusalimia wakubwa, akasema, "Kumbe huko juu kuna baridi."

Sijaweza kuipanga tena kama ilivyokuwa.

Mwanangu, wewe unatengeneza muziki kwenye kompyuta. Hifadhi kazi kabla ya kuzima. Hilo ni la mashine. La watu ni hili: ukimwalika mtu, hakikisha mmeelewana saa, na akichelewa, msubiri. Wimbo hauna haraka ya kwenda popote.

Mungu akupe masikio mazuri, na watu wanaofunga safari kuja kukusikiliza.